Njoo na Mtihani Wako wa Mwaka Jana

Mhadhiri anayejiunga na mafunzo ya mtandaoni ya tathmini na uadilifu wa kitaaluma tunayoyaendesha hapa Mwanza huombwa vitu vitatu kabla ya kupewa nywila: mtihani wa mwisho alioutunga mwaka jana, mwongozo alioutumia kuusahihisha, na nakala za majibu ya wanafunzi watatu, majina na namba za usajili zikiwa zimefunikwa. Asiyeleta hafunguliwi wiki ya kwanza. Sharti hili ni gumu na linawaudhi baadhi ya watu, lakini hatulilegezi. Mafunzo yanayoanza na nadharia huishia kwenye nadharia: watu husikiliza, hukubali, hupiga picha slaidi, kisha muhula ukifika hufungua faili la zamani, hubadili tarehe na kulipeleka idarani.

Sababu ya kuanzia hapo inaonekana nje ya geti la chuo. Steshenari zinauza mitihani ya miaka iliyopita ikiwa imepangwa kwa masomo na kubanwa vizuri, na kwa masomo mengine majibu yamo humohumo. Swali lililotoka mara tatu limeshapata jibu lake lililochapwa, linauzwa kwa bei ya kurasa. Mwanafunzi anayelinunua na kulikariri hajavunja kanuni yoyote, na bado mtihani haukupima alichojua. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa kuhusu uadilifu ni mtunzi wa swali. Mwanafunzi anafuata baadaye.

Zoezi la kwanza ni la kalamu na karatasi. Kwa kila swali la mtihani wake, mshiriki anaandika kitenzi kilichotumika (taja, eleza, linganisha, kokotoa, tetea), alama zake, na mahali jibu linapopatikana: daftarini, kwenye simu, au halipatikani popote mpaka mwanafunzi akae afikiri. Kisha anajumlisha alama za kila mahali. Wengi wetu tulisoma ngazi ya Benjamin Bloom ya mwaka 1956, inayopanga viwango vya kufikiri kutoka chepesi hadi kigumu, na marekebisho yake ya 2001, na tunaweza kuitaja vidato vyote bila kukosea. Kazi iko kwenye kuhesabu alama zilizokaa juu ya kila kidato, maana hapo ndipo mtu anapogundua kuwa alama 45 kati ya 60 ziko daftarini.

Kitenzi peke yake nacho hudanganya. Swali linasema "jadili", lakini mwongozo wa kusahihisha unasema "hoja tano, kila hoja alama 4". Hilo ni swali la kutaja lililovaa koti la kujadili. Mwanafunzi aliyejadili kweli, akachukua hoja mbili na kuzipima kwa kina, atapata alama 8 kati ya 20. Aliyekariri vichwa vitano vya habari atapata zote. Wanafunzi wanajua hili mapema kuliko sisi, na hujipanga kulingana nalo. Ndiyo maana tunasoma mwongozo kwanza, swali baadaye.

Kuna jambo la heshima ambalo mafunzo mengi ya kutoka nje hayalitazami. Mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa miaka miwili iliyopita hawezi kuandika hadharani kwamba swali la profesa wake, aliyemsimamia tasnifu na ambaye bado anamwamkia shikamoo asubuhi, ni bovu. Ukiwaweka kundi moja, kijana atasifu kila kitu na profesa hatajifunza lolote. Tiba yake ni rahisi. Makundi ya watu 5 au 6 hupangwa kwa fani, si kwa chuo, hivyo mtu wa uhasibu wa chuo cha Malimbe anakaa na wahasibu wa matawi ya vyuo vya Dar es Salaam yaliyo hapa mjini, na wa chuo cha tiba cha Bugando anasomana na mtu wa sayansi za afya kutoka kwingine. Mzunguko wa kwanza wa kusomana hufanywa bila majina. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni tunaoutumia, ina shughuli ya kupimana rika inayoweza kuficha jina la mwandishi na la msomaji, na tunaitumia hiyo. Majina hufunguliwa wiki ya tatu, watu wakishazoea kukosolewa.

Mafunzo ni ya wiki 6, saa 4 kila wiki: saa 1 ya kukutana moja kwa moja, saa 3 za kazi ya mtu mwenyewe. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtandao, wakati Malimbe, Nyegezi na Bugando haziko mbali. Ni kwa sababu ya ratiba. Walimu wa tiba wana zamu wodini, wa biashara wana vipindi vya jioni, na wengine wanaishi Sengerema na Geita. Daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewafupishia safari, ila saa za siku ni zilezile. Tunakutana Jumatano saa 2 usiku. Kikao cha saa moja chenye picha za watu wote kinaweza kula karibu GB 1 ya bando. Sauti pekee hushuka mpaka makumi ya MB. Basi kamera huwashwa dakika za mwanzo watu wasalimiane, kisha huzimwa. Rekodi hutolewa kama sauti: kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 10 ni kama MB 5 na saa nzima haifiki MB 30. WhatsApp ni baraza la kukumbushana na kupeana pole umeme ukikatika. Kazi haipokelewi humo, na karatasi ya mtihani haipitishwi humo kabisa, hata rasimu, hata kipande. Mtihani ukishapita kwenye kikundi cha simu, huna tena namna ya kujua uko wapi.

Wiki ya pili na ya tatu ni za kutunga upya, na hapa ndipo tunapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Chukua asaimenti ya takwimu za biashara iliyozoeleka: "Eleza vipimo vya mtawanyiko, kisha kokotoa wastani na mchepuko sanifu wa takwimu zifuatazo." Takwimu ziko kwenye swali, jibu ni moja, na saa 3 baada ya kutolewa jibu hilo limeshafika kwenye simu za darasa zima. Toleo linalofanya kazi linamtuma mwanafunzi sokoni: kwa siku 10 katika muda wa wiki tatu, aandike bei ya sado moja ya dagaa kwenye meza ileile, saa ileile, aseme ni dagaa wa mchanga au wa chanja, kisha akokotoe na kueleza kwa nini bei imepanda au kushuka.

Ziwa lenyewe linasaidia kusahihisha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Mwanafunzi aliyekaa chumbani na kujitungia bei 10 kwa kawaida huandika namba zinazopanda na kushuka kidogokidogo bila sababu, na maelezo yake hayagusi mwezi hata mara moja. Aliyekwenda sokoni ataambiwa na mama muuzaji siku ya pili tu kwamba mzigo umekuwa mdogo kwa sababu ya mbalamwezi. Swali linalobeba jambo ambalo lazima mtu alikute njiani lina ulinzi ndani yake. Ndiyo maana tunasema wiki tatu, muda wa kutosha kukutana na giza na mwanga.

Lakini asaimenti ya namna hii huharibika kwa njia zake. Ukiwatuma wanafunzi 120 wote soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wafanyabiashara watachoka nao kwa siku mbili na kuanza kuwatajia bei yoyote ili waondoke. Wagawe: Mwaloni, Igombe, Nyegezi, Buhongwa, Igoma na Kisesa, watu 20 kila mahali, na kila mmoja achague soko lililo karibu na anakolala ili nauli isiwe adhabu kwa asiye nayo. Wape barua ya utambulisho. Usidai picha za wauzaji. Dai picha ya ukurasa wa daftari ulioandikwa papo hapo, wenye mkwaruzo na makosa yake, na uupe alama 5 peke yake. Ukurasa huo ukikosekana, hiyo ni sababu ya kumwita mwanafunzi mzungumze. Haitoshi kuwa sababu ya kumpa sifuri.

Kwa masomo ya hesabu ambayo hayana soko la kwenda, tumia tarakimu mbili za mwisho za namba ya usajili. Mkopo wa mvuvi ni shilingi 4,000,000 ukijumlisha 50,000 mara N, N ikiwa tarakimu hizo. Mwenye 00 anakokotoa milioni 4, mwenye 99 anakokotoa 8,950,000, na majibu yote unayo kwenye jedwali moja la kompyuta kabla hujatoa kazi. Jaribu mwenyewe kwanza kwa N ya 00, ya 99 na moja ya katikati. Kosa tunaloliona kila mara ni mtunzi kuweka N mahali ambapo kwa thamani fulani faida inageuka hasara, na hapo wanafunzi wawili wanakuwa wamefanya mitihani miwili tofauti kwa ugumu. Namba ibadilishe jibu, isibadilishe njia.

Kabla ya kumlaumu mwanafunzi anayelipa mtu amwandikie kazi, tunawaomba wahadhiri wa programu moja waweke tarehe zao zote za kukusanya kazi kwenye kalenda moja. Katika mfumo wetu wa Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kusoma, kufanya mazoezi na kupimwa vikiwa ndani yake. Mwanafunzi mwenye masomo 6, kila somo lina jaribio, kazi binafsi na kazi ya kikundi, ana vipimo 18 kwenye kosiweki. Vikitawanywa katika muhula wa wiki 15, ni kimoja kila wiki, na vitatu vya ziada. Vikirundikwa wiki ya 11 hadi ya 13, ni 6 kwa wiki, na aliye mwaminifu naye anaanza kutafuta njia. Kalenda hii ni karatasi moja, huchukua kikao kimoja kuipanga, na kwa maoni yetu inazuia udanganyifu mwingi kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Kazi za vikundi ni kidonda cha peke yake. Majina 10 juu ya jalada, mwandishi mmoja. Punguza kikundi kiwe watu 4. Kila mmoja awe na sehemu yake yenye jina lake, na ukurasa mmoja wa pamoja wa kuunganisha. Kwenye Moodle kuna mpangilio unaotaka kila mwanakikundi abonyeze kuwasilisha ndipo kazi ihesabiwe imefika. Uwashe, ukiwaambia mapema, vinginevyo utapata simu za usiku za "mwenzetu yuko kijijini hana mtandao".

Wiki ya nne inahusu kwizi za mtandaoni. Watu wengi huamini kuchanganya mpangilio wa maswali kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu swali ni lilelile hata likihamia namba nyingine. Kinacholinda ni ukubwa wa benki ya maswali, na hili linahesabika. Ukichota maswali 20 kutoka benki ya 30, wanafunzi wawili watashirikiana kwa wastani maswali 13. Benki ikiwa ya 60, karibu 7. Ikiwa ya 100, manne. Mhadhiri hahitaji kuandika 100 kwa wiki moja. Akiandika 15 kila mwezi, mwaka wa pili ana benki. Chota kwa mafungu, mfano 5 kutoka kila mada kati ya nne, la sivyo mmoja ataangukiwa na mada moja tu.

Ukiruhusu Moodle ichanganye herufi za majibu, pitia benki nzima ufute "yote yaliyotajwa hapo juu" na "A na C ni sahihi". Baada ya kuchanganywa, "hapo juu" inaweza kukaa juu kabisa, na C ya mwanzo ikawa B. Angalia pia muda. Kwizi ya dakika 40 inayofungwa saa 6 usiku humkata aliyeanza saa 5:50 baada ya dakika 10. Umeme ukikatika, saa ya kwizi huendelea kuhesabu. Tunashauri mlango ufungwe saa 6 mchana, wakati kuna mtu macho wa kujibu simu, na kanuni ya jaribio la pili iandikwe kabla, si baada ya malalamiko. Programu ya simu ya Moodle inaweza kuruhusu kwizi kufanywa bila intaneti na kutumwa baadaye, ila hairuhusu hivyo ikiwa umeweka kikomo cha muda. Hivyo ya nje ya mtandao iwe ya mazoezi, na ya alama iwe na muda.

Baada ya kwizi, fungua ripoti ya takwimu. Kila swali lina kiwango cha waliolipata. Swali lenye machaguo manne lililopatwa na chini ya asilimia 25 linafanya vibaya kuliko kubahatisha, na mara nyingi ufunguo wa jibu ndio uliokosewa. Kukiwa na swali ambalo wanafunzi wazuri wamelikosa na dhaifu wamelipata, lisome tena kabla ya kutoa alama. Ni dakika 15 za kazi, na zimewaokoa wanafunzi na sapu, yaani mitihani ya marudio, ambazo hawakuzistahili.

Kuhusu rubriki, jedwali la vigezo na viwango vya kusahihishia, tutasema machache, kwa sababu ugonjwa wake ni mmoja: maneno ya sifa. "Uchambuzi mzuri sana", "mzuri", "wa wastani". Wasahihishaji wawili hawataelewana juu ya "mzuri". Andika kinachoonekana kwenye karatasi: "ametumia takwimu zake mwenyewe kupinga au kuunga mkono angalau dai moja", "ametaja takwimu bila kuzihusisha na dai". Vigezo vinne, viwango vinne, ukurasa mmoja. Kisha kikundi kizima kinasahihisha karatasi tatu zilezile bila kuonana, wanalinganisha. Kwenye kazi ya alama 20, tofauti ikizidi 2, sentensi ya rubriki inaandikwa upya. Hatuwaulizi watu nani mkali na nani mpole.

Wiki ya tano watu huijia kwa hamu kubwa, maana wanataka asilimia. Wanauliza ripoti ya Turnitin, programu ya kulinganisha maandishi, ikisema ngapi ndiyo kosa. Hakuna namba hiyo. Ripoti inaonyesha maandishi yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yake, basi. Pendekezo la utafiti linaweza kutoa asilimia 35 kwa sababu ya tamko la mwandishi, vichwa vya sura vya chuo, jina la sheria na orodha ya marejeo. Lingine linatoa 8, na hizo 8 ni aya mbili nzima za uchambuzi zilizochukuliwa mahali pamoja bila kutajwa. La pili ndilo lenye kesi. Anza kwa kuondoa marejeo na nukuu kwenye hesabu, kisha fuata kipande kirefu kimoja kimoja, ukiuliza: ni maneno ya kawaida ya fani, ni nukuu iliyosahau alama zake, au ni fikra ya mtu mwingine iliyobebwa?

Mitego miwili hurudi kila mara. Wa kwanza ni rasimu: mwanafunzi akipakia rasimu nayo ikahifadhiwa kwenye hifadhi, toleo la mwisho linaweza kufanana na rasimu yake mwenyewe, hasa ikiwa rasimu ilipakiwa kupitia akaunti ya mtu mwingine. Weka mpangilio wa kutohifadhi rasimu. Wa pili ni tafsiri: kazi iliyogeuzwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hupita kirahisi, asilimia iko chini, na aliyeiba ni yuleyule. Kwa masomo yanayoandikwa kwa Kiswahili, jicho la mwalimu linabaki ndilo chombo kikuu: sentensi zenye mgongo wa Kiingereza, mifano ya miji ambayo mwanafunzi hajawahi kuitaja darasani.

Kisha akili mnemba. ChatGPT ilitolewa Novemba 30, 2022, na miezi michache baadaye vyombo vya kuitambua vikaanza kuuzwa. Tunawaomba wahadhiri wajue mambo mawili kabla ya kuviamini. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa chombo chake cha kutambua Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vyombo saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo za binadamu ziliitwa kazi ya mashine. Mwanafunzi wetu anaota kwa Kisukuma, Kikerewe au Kihaya, amesoma msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha tatu, chenye maneno machache na sentensi za kawaida. Huyo ndiye ambaye chombo humshuku kwanza. Kumpeleka mtu kwenye kamati ya nidhamu kwa asilimia ya chombo cha namna hiyo ni dhuluma, na tunalisema hili bila kupunguza.

Badala yake tunafundisha mahojiano mafupi ya mdomo. Dakika 7 kwa mtu. Kwa darasa la 120 hizo ni saa 14, hakuna anayeziweza, kwa hiyo chagua kwa bahati nasibu mmoja kati ya watano: watu 24, dakika 168, chini ya saa tatu. Ongeza wale ambao kazi zao zina maswali. Tangaza tangu siku unayotoa asaimenti kwamba kila mtu anaweza kuitwa, maana hilo hubadili namna kazi inavyoandikwa hata kwa wasioitwa. Walimu wawili, fomu moja, maswali matatu: nieleze ulivyopata hiki kilichoko ukurasa wa 4, ungepata nini kama takwimu hii ingekuwa nusu yake, ni sehemu gani ilikusumbua na ukafanyaje. Swali la tatu ndilo bora. Aliyefanya kazi ana kero za kusimulia.

Mwanafunzi ajibu kwa Kiswahili akitaka, hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza. Washiriki hubishana nasi sana hapa, wakisema kanuni za chuo zinataja lugha ya kufundishia. Ni kweli kwa mtihani. Lakini mahojiano haya yanatafuta kujua kama fikra ni zake, na mtu anayekwama kwenye kitenzi cha Kiingereza ataonekana mwizi wakati ni mwoga tu. Asiyejua alichoandika, Kiswahili hakitamwokoa.

Ndani ya ukumbi wa mtihani somo letu ni fupi. Ukimkuta mwanafunzi na kikaratasi, usimtoe nje wala usipige kelele. Kichukue, andika saa, chukua kijitabu chake cha majibu, mpe kipya aendelee, ita msimamizi wa pili ashuhudie, wote mtie saini pamoja na mwanafunzi, akikataa andikeni kwamba amekataa. Kikaratasi kibandikwe kwenye fomu. Wala usimpe sifuri kwa mamlaka yako. Mwenye kuamua ni chombo kilichotajwa kwenye kanuni za chuo, na mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa. Kesi nyingi huanguka kwa sababu hakuna saa iliyoandikwa au shahidi ni mmoja, na mwanafunzi anayejua hilo huwaambia wengine.

Cheti cha mafunzo haya hakitolewi kwa kuhudhuria. Mshiriki analeta mtihani ulioandikwa upya, mwongozo wake, na ukurasa mmoja unaoeleza alichobadilisha na kwa nini. Unasomwa na mwezeshaji na mtu mmoja wa fani yake, na kabla ya kuutumia chuoni mshiriki hubadilisha namba na mifano ili tuliousoma tusiwe na mtihani halisi mikononi. Halafu naye anakaa mahojiano ya dakika 10. Sharti hili lilitokana na jambo ambalo kila mwendesha mafunzo atalikuta: baadhi ya wakubwa huwapa wasaidizi wao nywila, wasaidizi hufanya kazi zote, na cheti hutoka kwa jina la mkubwa. Hatuwezi kufundisha uadilifu kwa cheti cha namna hiyo. Profesa aliyefanya kazi yake humaliza dakika 10 kwa furaha, akisimulia swali la nne lilivyomsumbua. Ambaye hakufanya hupewa wiki mbili zaidi, kwa faragha, na kikundi hakiambiwi.

Muhula ukiisha tunawaandikia tena na kuomba mtihani uliofanywa kweli, pamoja na alama za kila swali. Tunauweka kando ya ule wa mwaka uliotangulia na kuanza kusoma kutoka swali la mwisho kurudi la kwanza. Maswali ya mwanzo huwa mapya karibu siku zote. Swali la zamani, likiwepo, huwa limejificha mwishoni, pale muda wa mtunzi ulipokwisha.